Neno la Mlinzi Aliyekwisha Kufa

Tangu Pasaka, Nives Tarquini alikuwa amekwisha kuchinja watu kumi na wanne, wote mchana kweupe, kwa mkasi na utepe wa gundi. Ndiyo kazi iliyompa ugali wake. Mwaka ule wa 1974 Roma ilikuwa inatoa filamu za kutisha moja baada ya nyingine, na kila moja ilihitaji mtu wa kukaa kwenye chumba cha chini ya ardhi, mbele ya mashine yenye kioo kidogo, aunganishe kisu na koo, kisha koo na yowe. Nives alikuwa na miaka ishirini na sita na moyo mkavu. Damu ya kwenye filamu haikumtisha hata kidogo, kwa sababu duka inakonunuliwa alilijua, na bei yake pia.

Jumanne hiyo alitishwa na kitu kingine kabisa.

Ilianza pale mwongozaji wake, Fulgenzio Castaldi, alipoingia akikokota kasha la bati. Kwenye mabango jina lake lilikuwa Norman Stokes, maana watazamaji, eti, hawamwogopi mzimu aliyeletwa na mtu wa Frosinone, mji wa jirani tu. Kiingereza chake chote kilikuwa salamu ya asubuhi, naye aliitoa hata jioni.

"Dada Nives," akasema huku akihema, "tajiri wetu kaninunulia ngome."

"Iko wapi?"

"Imo humu." Akaligusa kasha kwa ncha ya kiatu. "Filamu ya panga na kofia za manyoya, ya mwaka sitini na moja. Kuna kuta, kuna askari, kuna mienge. Mpaka vipande walivyovitupa vimo. Tunavitia ukungu, tunasema hao ni mizimu. Nani atajua?"

"Aliyeiona mwaka sitini na moja."

"Huyo sasa ana watoto watatu na mgongo unamuuma. Haendi sinema."

Akaondoka akipiga mluzi. Nives akafungua kasha, akachukua mkanda wa kwanza, akaupitisha kwenye magurudumu ya mashine. Wakapita farasi. Wakapita mabwana wakirukiana mezani na panga zao. Halafu ukuta wa ngome ukatokea, na juu ya ukuta mlinzi mwenye kofia ya chuma na masharubu, mkuki mkononi. Nives akasimamisha mashine. Aliyajua masharubu yale, yalikuwa yakimchoma shavuni kila asubuhi alipokuwa mdogo.

Baba yake, Ottorino Tarquini, hakuwa nyota. Alikuwa mtu wa kujaza uwanja. Alivalishwa alivyovalishwa, akauawa alivyouawa, na kwa miaka kumi alikufa kwa ajili ya makaisari, maharamia na malkia wasiojua hata jina lake. Kufa alikujua, wenzake walisema Ottorino akianguka, vumbi lenyewe linasikitika. Siku moja tu katika maisha yake kamera ilimsogelea hadi usoni, naye akapewa kufa kwa kusema. Jioni ya siku hiyo hiyo, akiwa kwenye basi la kumrudisha nyumbani, moyo ukasimama, akafa kweli. Nives alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Filamu ilipotoka, padri aliionyesha kwenye ukumbi wa parokia, na Nives alikwenda na wenzake wa darasani. Baba akatokea, akafumbua mdomo, na sauti ya mtu mwingine ikatoka, laini, ya kisomi: "Bwana wangu, lango limevunjwa! Mwokoe binti mfalme!" Nives akasimama akatoka nje, mbele ya darasa zima. Alikuwa bado hajajua kwamba filamu zote zilipigwa bila sauti, na kwamba watu wengine kabisa walikuja baadaye kusema kwa niaba ya wale wanaoonekana. Kuanzia siku ile sauti ya baba ilianza kumponyoka. Kwanza ilikwenda sauti ya kuita, kisha ya kucheka, na mwisho hata ya kukohoa. Alikuwa na picha, alikuwa na saa yake ya mkono, lakini neno hata moja la baba hakubaki nalo, na hilo lilimuuma kuliko kaburi.

Sasa baba alikuwa kwenye kioo, karibu kiasi cha kumgusa, na mdomo unakwenda. Wala haukwenda na "Bwana wangu, lango limevunjwa." Ulikwenda na kitu kingine. Nives akarudisha mkanda, akautazama tena, kisha tena. Siku ile ya mwisho ya maisha yake, baba alisema nini? Alitaka kujua hilo tu, na alilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Baadaye akafikia vipande vilivyotupwa, akakuta tukio lile lile likiwa refu zaidi. Mlinzi anachomwa upanga, anaanguka mikononi mwa nahodha wa askari, anasema maneno yake, kichwa kinalala upande, macho yanafumba. Amekufa. Nahodha anainua uso kwa huzuni. Hapo ndipo maiti inapofumbua macho nusu, inasema neno moja, kisha inafumba tena. Mkono wa mtu mwenye hasira unaingia kwenye picha, na picha inakatika.

Castaldi, aliyekuwa amerudi kuchukua miwani yake, aliona kila kitu akiwa mlangoni.

"Maiti imesema," akanong'ona. "Nives, maiti imesema. Wale wapumbavu wakaitupa." Akavuta kiti akaketi, uso umemwiva kwa furaha. "Huyu ndiye mzimu wangu. Mtilie ukungu. Ijumaa jioni nataka awe tayari, na Evaristo amwandikie laana ya kutosha."

Nives hakumwambia mzimu ule ni nani.

Mzee Evaristo Pandolfi alikaa ghorofa ya juu, kwenye chumba kilichonuka peremende za mnanaa. Kazi yake ilikuwa kuvisha midomo maneno. Mwigizaji akisema hiki, yeye huandika kile, lakini akikipima kwa mdomo hata mtazamaji asihisi. Miaka arobaini alikuwa akitazama midomo ya watu, na ilisemekana mkewe hakuthubutu kunung'unika hata akiwa jikoni upande wa pili wa kioo. Kesho yake asubuhi Nives alimteremsha mpaka kwenye mashine, akamwonyesha.

"Ni baba yangu, mzee."

Evaristo akavua kofia, akaiweka gotini. "Pole, mwanangu. Mimi nitakwambia ninachokiona, lakini usiniombe zaidi ya hapo."

"Watu wote wananiambia alikuwa anahesabu. Eti wasio na majina waliambiwa wahesabu tu, moja mbili tatu, ili mdomo usikae bure."

"Waliambiwa, ndiyo. Wengine walihesabu. Wengine walimtukana mwongozaji. Nilikuta haramia mmoja anasali Salamu Maria filamu nzima, jicho moja kalifunga kitambaa. Haya, hebu wewe hesabu, moja mpaka kumi. Shika midomo yako."

Nives akahesabu kwa lugha ya kwao, Kiitaliano, vidole viwili mdomoni, polepole.

"Midomo imekutana mara ngapi?"

Nives akashangaa. "Haikukutana."

"Hata mara moja. Moja mpaka kumi, sisi hatufungi mdomo. Sasa mtazame mzazi wako."

Wakamtazama, picha moja moja. Midomo ilikutana. Ikaachana, ikakutana tena. Evaristo alikuwa akigonga meza kwa ukucha kila ilipofungwa, na alipomaliza alikuwa amegonga mara sita.

"Hahesabu huyu," akasema. "Wala hasali, sala naijua. Anasema vitu vifupi vifupi, halafu anapumzika, kama mtu anayepanda ngazi. Tazama na jicho. Anaangalia juu. Anakumbuka kitu."

"Na lile la mwisho? Alilosema akiwa maiti?"

Mzee akakohoa, akatafuta peremende mfukoni, akaikosa. "La mwisho ni fupi. Meno yanagusa mdomo wa chini. Mwanangu, mimi ni Mroma, na baba yako alikuwa Mroma. Yapo matusi mawili ninayoyajua, na yote mawili hugusa pale pale."

"Kwa hiyo ni tusi."

"Sijasema hivyo. Nimesema midomo naijua. Maneno anayajua mtu aliyekula naye meza moja. Mama yako yu hai?"

Mama yake, Bi Argia, alikuwa hai na mkali kama siki. Walikaa wawili tu mtaa wa Testaccio, ghorofa ya tatu, na alikuwa akiwapigia watu pasi mashati. Sinema hakuikanyaga tangu awe mjane. Mlango wa nyumba haukuruhusiwa kukaa wazi hata kwa muda wa kuweka kapu chini. Alikuwa akiusukuma kwa kisigino. Kitu kingine cha ajabu, kama kilikuwa cha ajabu, ni kwamba katika nyumba ile hakikunywewa kinywaji cha asubuhi ila shayiri ya kukaanga, kama hospitalini. Nives alikuwa ameamini siku zote kwamba ni kwa sababu ya moyo wa mama.

Alhamisi alimkuta anakanda viazi na unga, maana Roma Alhamisi ni siku ya madonge ya viazi.

"Mama, kesho nataka uje kazini kwangu."

"Nije kufanya nini? Kuchinjwa?"

"Kumwona baba."

Mikono ikasimama ndani ya unga. "Nilimwona. Alikuwa kwenye kitanda cha hospitali na rangi ya filamu bado iko shingoni. Mtu ananiuliza, mama, hii damu ni ya kweli au ya bandia? Nilimwona, inatosha."

"Anasema kitu, mama. Mdomo unaonekana vizuri kabisa. Nataka kujua alisema nini."

"Mimi najua."

"Unajua?"

"Ananitukana."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya viazi, halafu akaketi. Maneno yakaanza kutoka. Yalikuwa yamekaa ndani miaka kumi na mitatu.

"Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini kichwa chake chujio. Ukimtuma vitu sita, analeta vitano. Kila siku, Nives. Kila siku mimi nashuka ngazi tena kwa sababu yake. Asubuhi ile nikamtajia vitu vyangu sita. Akaniambia, niandikie kwenye karatasi, nguo za ulinzi hazina mfuko lakini nitaikunja kwenye kiatu. Nikamwambia mtu mzima mwenye masharubu haandikiwi karatasi. Nikamwambia, ukirudi umesahau hata kimoja, usirudi." Akafuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa bado na kazi. "Akavaa kofia, akatoka, hakuniaga. Mlango akauacha wazi. Nikasema moyoni, akome. Sikumfuata. Na kweli hakurudi."

Nives alitamani kumshika mama yake, lakini wao hawakuwa watu wa kushikana.

"Mzee Evaristo anasema huenda ikawa tusi," akasema mwishowe, kwa sababu kumdanganya aliona ni dhambi. "Sitakuficha. Lile la mwisho, huenda. Ukitaka usije, usije. Kesho jioni litatiwa ukungu, halitaonekana tena."

Bi Argia akarudi kwenye viazi vyake. Alikata donge la kwanza, la pili, la tatu, yote sawasawa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Nije saa ngapi? Tusi la mume wangu nitalisikia mwenyewe. Sitaki kusimuliwa na watu wa sinema."

Usiku ule Nives hakulala vizuri. Alikuwa amekitaka kitu kile kwa kiu, na sasa alikiogopa. Kama ni tusi, basi yeye ndiye atakayekuwa amemfungulia mama yake kaburi ili atukanwe. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kuuliza hakuumizi.

Ijumaa saa nne asubuhi Bi Argia alishuka ngazi za chumba cha chini akiwa na koti lake la kanisani na mkoba wa mkononi. Akaketi mbele ya mashine, mkoba magotini, kama anayesubiri daktari. Mzee Evaristo akamwamkia kwa heshima, akarudi nyuma hadi ukutani. Nives akazima taa, akakanyaga kanyagio la mashine, mkanda ukaanza kwenda.

Ottorino akatokea juu ya ukuta.

"Kakonda," alisema Bi Argia.

Upanga ukaingia, Ottorino akaanguka vizuri kama kawaida yake, mdomo ukaanza kwenda. Bi Argia alitazama bila kupepesa. Kichwa kikalala. Nahodha akahuzunika. Maiti ikafumbua macho, ikasema neno lake, ikafumba. Mkono ukaingia, mwisho.

Nives aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Rudisha," mama akasema.

Akarudisha. Safari hii Bi Argia alisogea mbele hadi pumzi yake ikatia unyevu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa koti. Midomo yake nayo ilianza kutikisika.

"Rudisha. Polepole."

Mkanda ukaenda polepole, na mdomo wa Ottorino ulipofunguka, sauti ikasikika chumbani. Ilikuwa sauti ya mke wake, ndogo na kavu, inayotembea pamoja na midomo ile bila kuchelewa wala kutangulia.

"Mkate," alisema Bi Argia. "Sabuni. Nyanya. Siagi. Viberiti."

Ottorino akalaza kichwa, akafa. Nahodha akainua uso. Mzee Evaristo alikuwa ameondoka ukutani bila kujijua, amesimama nyuma ya kiti. Aliona kazi aliyoifanya miaka arobaini ikifanywa na mpiga pasi, na kufanywa vizuri zaidi.

Maiti ikafumbua macho.

"Kahawa," alisema Bi Argia, caffè kwa lugha ya kwao, na meno yake yakagusa mdomo wa chini.

Nives akasimamisha mashine. Baba yake alibaki pale kwenye kioo, macho nusu wazi, mdomo katikati ya neno, uso umejaa furaha ya mtu aliyekumbuka.

"Siku zote alisahau kahawa," mama akasema. "Mwaka mzima, kahawa. Hata siku ile, nikimtazama anavyovaa kofia, nikajua kahawa atasahau." Akagusa kioo kwa kidole kimoja, pale kwenye masharubu. "Alikuwa amekwisha kufa, wanampiga picha, ndipo akaikumbuka. Wakamgombeza kwa ajili ya kahawa yangu. Hakunitukana, Nives."

"Hakukutukana, mama."

"Alikuwa anarudi."

Akalia. Alilia kwa sauti, mkoba umeanguka, na Nives akamshika mabega, akashangaa yalivyokuwa membamba. Alikuwa na furaha mwenyewe, furaha kubwa isiyo na aibu. Sauti ya baba haikuwa imerudi, lakini alikuwa amepata maneno sita kamili, na hayo hayangemponyoka.

Castaldi aliingia wakiwa katika hali hiyo. Akawatazama wanawake wawili wanalia, akatazama maiti kwenye kioo, akaamini ni sifa ya kazi yake.

"Inatisha, eh, mama?"

"Imenitisha miaka kumi na mitatu," alisema Bi Argia akiokota mkoba. "Sasa fanya unachotaka. Ukungu usimwekee mwingi, alikuwa mtu msafi."

"Na laana yangu?" Castaldi akamgeukia Evaristo. "Umeiandika? Lile neno la mwisho nalitaka zito."

"Sijapata bado la kulizidi lililopo," akajibu mzee, akavaa kofia yake.

Nives aliomba ruhusa ya nusu siku. Walirudi na tramu, na njiani mama alihesabu mara mbili kwa vidole ndani ya glavu, akafika sita, akaridhika. Waliposhuka Testaccio, alipita duka la mkate bila kuangalia, akaingia lile la pembeni ambalo Nives hakuwahi kumwona akiingia. Mwenye duka alikuwa mzee, alimtambua, akasita.

"Robo kilo," alisema Bi Argia. "Nisagie."

Harufu iliwafuata mpaka kwenye ngazi. Nives alitangulia, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafungua kwa ufunguo wake, akaingia, akavua koti, akalitundika. Alipogeuka alimwona mama bado yuko kizingitini, mfuko wa kahawa kifuani. Alikuwa ameushika mlango kwa mkono mmoja, wazi kabisa hadi ukutani, na alikuwa anazitazama ngazi walizopanda, ambazo hazikuwa na mtu.

"Haya," alisema Bi Argia, bila ukali wowote. "Ingia."

Akangoja kidogo, muda wa mtu mzima kupita, ndipo akaufunga.